Ugatuzi wa afya ni nini, na umekwama wapi Kenya?

Ugatuzi wa afya ni kuondoa uendeshaji wa huduma za matibabu mikononi mwa serikali kuu na kuukabidhi kwa serikali za mashinani. Kenya iliupata kupitia Katiba ya 2010, na utekelezaji ukaanza 2013 kaunti 47 zilipozinduliwa. Jedwali la Nne la Katiba ndilo linalogawa majukumu: serikali ya kitaifa imebaki na sera na hospitali kuu za rufaa, kama ile ya Kenyatta, huku zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi ziko chini ya kaunti.

Nia ilikuwa njema. Mgonjwa wa Turkana, mbali kaskazini, asingoje uamuzi wa Nairobi. Lakini madaraka yalipotoka Nairobi, mara nyingi yaliishia makao makuu ya kaunti, hayakufika hospitalini. Tazama fedha. Zamani, ada alizolipa mgonjwa kwa sehemu kubwa zilibaki pale pale alipotibiwa, na glavu zikiisha, msimamizi alinunua nyingine. Baada ya 2013 kaunti nyingi zilishika Kifungu cha 207 cha Katiba, kinachotaka mapato ya kaunti yaingie katika hazina yake moja, zikazoa ada hizo. Hospitali ikawa inaomba pesa ilizokusanya yenyewe, na maombi yakizunguka ofisini, mama mjamzito anaandikiwa karatasi akanunue vifaa vya kujifungulia nje ya lango. Hilo halivumiliki.

Kifungu hicho hicho kinaruhusu Bunge kutenga baadhi ya mapato, na 2023 ikapitishwa sheria inayovipa vituo vya umma haki ya kubaki na mapato yao na kuyatumia. Hayo yanajumuisha malipo ya bima, kwa hiyo Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, Oktoba 2024, ikichelewesha malipo, kituo hakina cha kubaki nacho.

Kuna pia wafanyakazi. Mgomo wa madaktari wa 2016 hadi 2017 ulichukua siku 100, ukihusu mkataba wa mishahara na masharti ya kazi uliotiwa saini na wizara mwaka 2013, ilhali mwajiri wa wengi wao sasa ni kaunti. Wapo wanaotaka afya yote irudi Nairobi. Kwangu huko ni kumrudisha yule mgonjwa wa Turkana kwenye foleni. Pendekezo la chama cha madaktari lina uzito zaidi: tume ya kitaifa iajiri na kuhamisha wataalamu, kaunti ziendelee kuendesha hospitali.