Dhahabu ya rehani ikipigwa mnada: haki za mkopaji nchini India

Nchini India, familia ikikwama kwa ada ya shule, bili ya hospitali au pembejeo za shamba, mara nyingi bangili na mikufu ndivyo vinavyopelekwa rehani benki au kwenye kampuni ya mikopo. Fedha hupatikana haraka. Ugomvi huja miezi kadhaa baadaye, mkopaji anapofika na fedha za kukomboa akaambiwa vito vimeshauzwa.

Katika mashauri haya deni lenyewe aghalabu halibishaniwi. Kinachoamua ni notisi. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 kinamruhusu aliyeshika rehani kuiuza mkopaji akishindwa kulipa, ila ampe kwanza notisi ya mauzo yenye muda wa kutosha. Ujumbe wa simu unaosema tu "mkopo wako umepitiliza" ni kikumbusho cha deni. Notisi ya mauzo inapaswa kumweleza mkopaji kwamba mali yake itauzwa na anatakiwa kulipa kiasi gani kuizuia. Wakopeshaji wengi huangukia hapa: barua imetumwa anwani ya zamani, hakuna risiti ya posta, au mnada umefanyika kabla ya tarehe iliyotangazwa. Mkopaji naye akihama, atoe taarifa ya anwani mpya kwa maandishi na abaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Kifungu cha 177 kina haki ambayo wengi hawaijui. Hata muda wa mkopo ukiwa umepita, mali inakomboleka hadi inapouzwa kweli, mradi mkopaji alipe deni pamoja na gharama zilizotokana na kuchelewa kwake. Kwa hiyo karani anayekataa fedha siku mbili kabla ya mnada kwa kisingizio kwamba "faili limeshapelekwa" anakosea. Usiondoke kimya. Andika barua papo hapo kwamba umefika na fedha kamili, taja kiasi, tarehe na saa, na uombe isainiwe. Wakikataa kuipokea, itume siku hiyo hiyo kwa barua pepe na kwa posta ya rejista.

Baada ya notisi, shika hesabu. Kanuni za Benki Kuu ya India za Juni 2025, ambazo wakopeshaji walitakiwa kuwa wameanza kuzifuata ifikapo tarehe 1 Aprili 2026, zinataka dhahabu ipimwe mkopaji akiwepo na apewe cheti chenye uzito wote, uzito halisi baada ya kutoa mawe na nta, na kiwango cha karati, yaani kipimo cha usafi wa dhahabu. Chukua mkufu wa gramu 38. Mawe yakiwa gramu 5, dhahabu ni gramu 33. Ikiwa ni ya karati 20, inalingana na gramu 30 za karati 22, ambazo kwa bei ya mfano ya rupia 9,000 kwa gramu ni rupia 270,000. Mnada hauruhusiwi kuanzia chini ya asilimia 90 ya thamani ya siku hizo, yaani rupia 243,000; kushuka hadi asilimia 85 kunakubaliwa tu baada ya minada miwili kukosa mnunuzi. Vito vikiuzwa rupia 250,000 na deni pamoja na gharama ni 215,000, zile 35,000 ni za mkopaji, na zinapaswa kurudishwa ndani ya siku 7 za kazi. Fedha hizi ndizo hupotea kimyakimya, kwa sababu watu huamini kwamba vito vikishauzwa hakuna tena cha kudai. Mauzo yakipungukiwa, salio la deni hubaki kwa mkopaji.

Mkopo uliotolewa kabla mkopeshaji hajaanza kufuata kanuni hizo huongozwa na zile za awali, basi angalia kwanza tarehe ya mkataba.

Malalamiko yaanze kwa mkopeshaji mwenyewe, kwa maandishi. Omba nakala ya notisi na uthibitisho wa kuituma, matangazo ya mnada magazetini, bei iliyopatikana na mchanganuo wa riba na gharama. Siku 30 zikipita bila jibu, au jibu lisiporidhisha, peleka shauri kwa msuluhishi wa malalamiko wa Benki Kuu, halina ada. Njia nyingine ni tume ya walaji ya wilaya, ndani ya miaka 2 tangu chanzo cha mgogoro. Dai thamani ya dhahabu au uzito sawa na ule wa cheti, ziada ya mauzo, na fidia ya usumbufu. Thamani ya kumbukumbu, kama mkufu wa mama, ni ngumu kuithibitisha. Gramu na karati za kwenye cheti zina nguvu zaidi.

Msomaji wa Tanzania naye haya yanamgusa: Sheria ya Mikataba ya Tanzania ilichotwa kwenye hiyo ya India ya 1872, na matakwa ya notisi kabla ya kuuza rehani, pamoja na haki ya kukomboa kabla ya mauzo, yamo ndani yake.