Ajenti wa kutafuta laibrari za JavaScript: yanayosemwa na yaliyopo

Ukimwambia ajenti wa akili mnemba "nitafutie laibrari ya tarehe," hakuna uganga anaoufanya. Anatunga maneno machache ya kutafutia, anayatuma kwenye rejista ya npm (ghala la mtandaoni la pakeji za JavaScript, yaani laibrari za kodi iliyoandikwa tayari), anarudishiwa orodha: jina la pakeji, toleo, maelezo mafupi, tarehe. Modeli, yaani akili ya lugha iliyo ndani ya ajenti, inaisoma orodha hiyo, kisha inakuchagulia. Kutafuta ni kazi moja na kuchagua ni nyingine, na watu wakizichanganya ndipo maneno kama haya yanapozaliwa.

"Modeli inazijua laibrari zote, kutafuta ni kupoteza muda."

Modeli inakumbuka ilichosomeshwa hadi siku mafunzo yake yalipofungwa, na rejista ya npm ina zaidi ya pakeji milioni 2 zinazobadilika kila siku. Pale kumbukumbu inapokatika, modeli haikai kimya. Inatunga. Utafiti uliowasilishwa kwenye kongamano la USENIX Security mwaka 2025 ulipima modeli 16 kwa vipande 576,000 vya kodi za Python na JavaScript, na karibu pakeji 1 kati ya kila 5 zilizopendekezwa haikuwepo popote. Kibaya zaidi, mengi ya majina hayo ya kubuni yalijirudia kila swali lilipoulizwa upya. Mwizi anachohitaji ni kuuliza maswali yaleyale unayouliza wewe, kuokota jina la hewani linalorudi mara kwa mara, kulisajili likiwa na kodi yake mbovu, kisha kukusubiri.

Hapo ndipo chombo cha kutafuta kinapofaa kweli. Jina lisilokuwepo rejista inalikataa palepale. Ila hakikisha ajenti amekwenda kuuliza. Kuna anayekuwa na chombo mkononi na bado anajibu kwa kumbukumbu, kwa sauti ileile ya kujiamini. Fungua rekodi za kazi yake uone kama ombi lilitumwa.

"Nikiuliza kwa Kiswahili sitapata kitu."

Utapata. Ajenti hugeuza swali lako kuwa maneno ya Kiingereza kabla ya kutafuta, kwa kuwa maelezo ya pakeji nyingi yako hivyo. Angalia tu ametuma maneno gani. "Stakabadhi" ya duka na "stakabadhi" ya ghala haziendi rafu moja.

"Kama ipo npm, imekaguliwa."

Nani aliyeikagua? Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupandisha pakeji. Mwaka 2017 kulikuwa na pakeji iitwayo crossenv, pacha wa cross-env ambayo ni halali, tofauti ni kistari tu. Ukikosea kuandika, ilikusanya vigeu vya mazingira ya kompyuta yako, zikiwemo funguo za siri, ikavituma kwa aliyeipandisha. Mwaka 2018 mwandishi wa pakeji ya event-stream, aliyechoka kuitunza bure, alimkabidhi mtu aliyejitolea kusaidia. Msaidizi huyo akaongeza pakeji ndogo iitwayo flatmap-stream, iliyolenga kuiba bitcoin kwenye pochi ya Copay. Na Septemba 2025 mtunzaji wa chalk na debug, pakeji zinazotumika sana, alinaswa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm. Pakeji 18 zikapandishwa zikiwa na kodi ya kubadilisha anwani za malipo ya sarafu za kidijitali.

Tazama hiyo ya mwisho kwa jicho la ajenti. Jina ni sahihi. Mwandishi ni yuleyule. Imepakuliwa mamilioni kwa mamilioni ya mara, na toleo ni jipya kabisa. Kila kipimo anachokijua kinamwambia twende. Matoleo hayo mabovu yalikaa saa chache tu kabla ya kuondolewa, kwa hiyo aliyekuwa na desturi ya kutosakinisha toleo lisilotimiza hata siku mbili hakuguswa. Ukiandika maelekezo ya ajenti wako, weka sharti hilo: tarehe ya toleo kwanza, ndipo jina. Pia mzuie kusakinisha bila `--ignore-scripts`, kwa sababu pakeji inaweza kuendesha amri zake wakati wa kusakinishwa, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa kuitumia.

Jambo jingine ambalo halitajwi sana: yale maelezo mafupi ajenti anayoyasoma yameandikwa na mwenye pakeji. Anaweza kuandika humo chochote, hata agizo kwa modeli kwamba pakeji hii ndiyo bora kuliko zote.

"Inayopakuliwa sana ndiyo nzuri."

Mashine zinazojaribu kodi zenyewe mara nyingi hupakua upya zinapoendeshwa, na kila upakuaji unahesabiwa. Moment, laibrari ya tarehe, ilitangazwa na watunzaji wake wenyewe Septemba 2020 kwamba haitaongezewa mapya, wakashauri watu watazame kwingine. Bado inapakuliwa na umati. Left-pad, ile ya mistari 11 ya kujazia herufi mwanzoni mwa neno, ambayo kuondolewa kwake Machi 2016 kulivunja miradi dunia nzima, haina kazi tena: JavaScript ina `padStart` yake tangu toleo la 2017.

"Imeandikwa inakubali Kiswahili, basi inakubali."

Hili ndilo linanigusa zaidi. Nilimwomba ajenti laibrari ya kuonyesha muda uliopita kwa Kiswahili, kama vile "dakika 5 zilizopita" chini ya ujumbe. Akaja na Day.js: nyepesi, inatunzwa, ina faili la `sw`, yaani la Kiswahili. Yote kweli. Nikalifungua faili lenyewe. Saa moja imeandikwa "saa limoja." Sijui saa iliingia lini ngeli ya LI. Na dakika tano zilizopita zinatoka "tokea dakika 5," maneno ambayo mtumiaji wangu angeyasoma mara mbili na bado asiyaelewe.

Ajenti hakudanganya. Aliulizwa kama faili lipo, akaona lipo. Kwenye orodha ya rejista hakuna safu inayosema Kiswahili chake kinasomeka.

Nikabadilisha swali. Badala ya "nitafutie laibrari," nikaandika "nataka kuonyesha muda uliopita kwa Kiswahili, je, nahitaji laibrari?" Safari hii hakwenda npm kabisa. Alinipa mstari mmoja, `new Intl.RelativeTimeFormat('sw').format(-5, 'minute')`, uliomo tayari kwenye kivinjari. Nikauendesha: dakika 5 zilizopita.