Uogeleaji wa kisanii: yanayosemwa na yaliyotokea

Kwenye televisheni unaona tabasamu, kope zilizopakwa rangi na miguu minane ikichomoza majini kwa wakati mmoja. Kazi yenyewe iko chini ya maji, mahali ambapo kamera hufika mara chache. Ndiyo maana mchezo huu wa kucheza majini kwa kufuata muziki, mbele ya majaji, huzushiwa mengi. Haya ni baadhi yake.

"Ulizaliwa Hollywood, kwenye filamu za Esther Williams."

Williams alikuwa muogeleaji wa mbio. Mwaka 1939 alikuwa bingwa wa Marekani wa mita 100, na Olimpiki ya 1940 aliyokuwa akiitazamia ilifutwa kwa sababu ya vita. Filamu yake *Bathing Beauty* ilitoka 1944, wakati vyuo viwili vya Chicago vilikuwa vimeshashindana katika mchezo huu tangu 1939.

Kabla yao wote, mwanzoni mwa karne ya 20, Annette Kellerman wa Australia alivuta umati kwa kuzamia ndani ya tangi la kioo. Hilo lilikuwa onyesho tu, halina pointi wala majaji. Aliyelielekeza jambo kwenye michezo ni mwalimu wa elimu ya viungo, Katharine Curtis, aliyeanzisha klabu ya wanawake ya kuogelea kwa muziki katika University of Chicago mwaka 1923. Kikundi chake kilipotumbuiza kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1933 na 1934, mtangazaji Norman Ross, naye bingwa wa Olimpiki wa kuogelea, ndiye aliyeupa mchezo jina lenye maana ya "kuogelea kwa mwendo mmoja". Jina likaganda hadi 2017, shirikisho la kimataifa lilipolibadilisha kuwa uogeleaji wa kisanii.

Hollywood iliutangaza, hilo halina ubishi. Ila kwa maoni yetu iliuponza pia, kwa sababu ni vigumu kumshawishi mtu kwamba alichokiona sinemani ni mashindano. Michezo ya Pan American, ile ya nchi za bara la Amerika, iliupokea 1955, ubingwa wa dunia ukaanza Belgrade 1973, na Olimpiki ikasubiri hadi Los Angeles 1984.

"Wanasimama chini ya bwawa."

Hawasimami. Kugusa sakafu kuna adhabu, na sehemu ya kuchezea huwa na kina kisichopungua mita 2.5 hadi 3. Wakiwa wima, wanaelea kwa miguu: magoti yanapanuliwa hadi usawa wa nyonga, kisha mguu mmoja unazunguka baada ya mwingine, kama mashine ya kupigia mayai. Mikono inabaki huru kucheza.

Wakigeuka kichwa chini, kazi inahamia mikononi. Viwiko vinabanwa kwenye mbavu, mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja unakunjwa hadi pembe ya nyuzi 90, viganja vinatazama sakafu, kisha vinapangusa maji nje na ndani bila kukoma. Kosa la kawaida ni viwiko kuachana na mbavu. Hapo maji yaliyokuwa katikati ya paja yanapanda hadi gotini, na jaji ameshaona.

Kumrusha mwenzao hewani pia hufanywa bila sakafu. Mrukaji anasimama juu ya mabega ya mwenzake aliyechuchumaa majini, na waliobaki wanasukuma kutoka chini kwa mzunguko uleule wa miguu. Akitangulia mmoja nusu ya hesabu tu, mnara unainama na mrukaji anakwenda mbele badala ya kwenda juu. Ndiyo sababu mazoezini kocha hugonga chuma kwenye ngazi ya bwawa, moja hadi nane, moja hadi nane. Mlio huo unasikika vizuri ndani ya maji.

"Ni mchezo mwepesi, kazi ni kujipamba."

Mapambo yenyewe ni ufundi. Nywele hubanwa, kisha hupakwa kwa brashi jelatini ya unga isiyo na ladha (ile ya kugandishia vyakula), pakiti mbili au tatu za gramu 7 zilizokorogwa katika maji ya moto kidogo. Ikikauka inakuwa ngumu kama plastiki. Maji ya bwawa hayaiyeyushi. Ya moto ya bafuni ndiyo yanayoitoa.

Pumzi ndiyo shughuli. Onyesho huru la timu, ambalo timu hujipangia vipengele vyake, huchukua dakika 3 na sekunde 30, na sehemu kubwa yake vichwa viko chini, misuli ikifanya kazi kama ya mkimbiaji. Anayehema haraka haraka kabla ya kuzama hujidanganya: hupunguza kabonidioksidi, ambayo ndiyo humkumbusha mtu kuvuta hewa, na oksijeni humwishia bila onyo. Kwenye ubingwa wa dunia wa Budapest mwaka 2022 Anita Alvarez wa Marekani alizimia mwishoni mwa onyesho lake akazama. Kocha wake, Andrea Fuentes, alijitosa na nguo zake kumtoa.

"Anayecheza peke yake anakwenda sawa na nani?"

Na muziki. Spika huzamishwa bwawani ili ausikie akiwa chini.

"Majaji hutoa alama wapendavyo."

Kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992 jaji mmoja alibonyeza 8.7 akikusudia 9.7 kwa Sylvie Fréchette wa Kanada. Mwamuzi mkuu akakataa kusahihisha, dhahabu ikaenda kwa Mmarekani Kristen Babb-Sprague. Mwaka uliofuata Fréchette alipewa dhahabu yake, na mwenzake akabaki na ya kwake. Tangu 2023 timu huandika mapema kila kipengele na ugumu wake. Kisipofanywa kama kilivyoandikwa, thamani yake hushushwa hadi kiwango cha chini kabisa, hata kama ukumbi mzima umesimama kupiga makofi.

"Wanaume hawaruhusiwi."

Olimpiki ilikuwa ya wanawake pekee kuanzia 1984 hadi ile ya Tokyo iliyofanyika 2021. Lakini Kazan 2015 ubingwa wa dunia uliingiza jozi za mwanamume na mwanamke, na Bill May akashinda dhahabu pamoja na Christina Jones. Kwa Paris 2024 kila timu ya watu wanane iliruhusiwa kuwa na wanaume wawili. China ilichukua dhahabu zote mbili, ya timu na ya jozi, Misri iliiwakilisha Afrika kwa timu ya wanawake, na hakuna nchi iliyopeleka mwanamume hata mmoja.