Juisi na ini la kijana: dhana potofu na ukweli

"Daktari, soda tuliacha, sasa anakunywa juisi tu." Sentensi hii huniumiza kuliko nyingine zote ninazozisikia kliniki, kwa kuwa mzazi huitamka akiamini amemwokoa mwanawe, ilhali kijana ana weusi wa shingoni, dalili kwamba mwili wake hauitikii insulini vizuri, na ALT yake, kipimo cha damu kinachopanda ini linapoumia, iko juu: ini lake limejaa mafuta.

Ini halitofautishi sukari ya kiwandani na ya embe lililosagwa. Glukosi, sehemu moja ya sukari hiyo, hutumiwa na mwili mzima, lakini fruktosi, sehemu yake nyingine, huchakatwa kwa sehemu kubwa na ini, na inapofika nyingi kwa mkupuo, ini huigeuza sehemu yake kuwa mafuta. Embe zima hutafunwa pamoja na nyuzinyuzi zake na hushibisha. Bilauri moja hubeba maembe mawili yaliyochujwa, nasi bado tunaongeza vijiko vya sukari. Soda ya mililita 330 ina takribani gramu 35 za sukari, na juisi nyingi, hata zisizoongezwa kitu, hazipishani nayo sana. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu sukari ya juisi pamoja na ile ya kuongeza.

Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusu wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 wenye ini la mafuta. Waliopunguziwa sukari, ile ya juisi ikiwemo, hadi chini ya asilimia 3 ya nishati ya chakula kwa wiki 8, mafuta ya ini yalishuka kwa wastani kutoka asilimia 25 hadi 17. Wenzao walioendelea na mlo wa kawaida walitoka 21 hadi 20 tu.

Wapo wanaosema ini huugua kwa walevi pekee. Si kweli, wagonjwa wangu hawajaonja pombe. Wengine husubiri maumivu, ingawa ugonjwa huu wa ini la mafuta kwa kawaida hukaa kimya hata makovu yanapoanza. Na dawa za mitishamba za "kusafisha ini" haziondoi mafuta hayo. Baadhi huliumiza ini lenyewe.

Ninachosisitiza, hata nikionekana mkali, ni kwamba jagi la juisi liondoke kwenye friji ya nyumba nzima, baba na mama wakiwemo, mezani yabaki maji na matunda ya kutafuna, kisha baada ya miezi mitatu turudie kipimo cha ALT.