Impatiensi kivulini: ua la misitu yetu na maneno yanayosemwa juu yake

Chini ya mwembe au mparachichi wa zamani ukoka hauoti. Watu hupanda, unakauka, wanapanda tena, mwisho wanamwaga kokoto. Mmea unaofaa mahali hapo unauzwa karibu kila kitalu cha kando ya barabara: impatiensi, yenye shina laini lililojaa maji, maua bapa ya waridi, mekundu au meupe, na nyuma ya kila ua kijimkia chembamba kilichopinda, ambamo vipepeo hufuata nekta. Ikipandwa kwa nafasi ya sentimita 25 hadi 30 hufunga ardhi yote. Wengi hawaipandi kwa sababu ya mambo waliyosikia, na mengi ya hayo hayana msingi.

“Hilo ni ua la Wazungu.”

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Impatiensi hii, kwa jina la kitaalamu Impatiens walleriana, huota yenyewe kuanzia kusini-mashariki mwa Kenya, ikashuka Tanzania na Malawi hadi Msumbiji, kwenye sakafu ya misitu yenye unyevu na kingo za vijito. Iko Usambara. Joseph Hooker, bingwa wa mimea wa bustani ya Kew, London, aliieleza kitaalamu mwaka 1868 na kuipa jina la Horace Waller, mmisionari aliyefanya kazi upande wa Mto Zambezi. Mwaka 1882 Hooker huyo huyo akaieleza tena akidhani ni mmea mwingine. Safari hii mbegu zilikuwa zimetoka kwa John Kirk, konsuli wa Uingereza Unguja, na Hooker akaiita Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyekuwa kitini wakati huo ni Seyyid Barghash. Wajerumani walipofika Usambara wakaipa jina la tatu, la Holst, mkusanyaji wao wa mimea. Mmea mmoja, majina matatu, mawili kati yake ya watu waliopita njia.

Kutoka Ulaya ilifika Amerika, na huko Costa Rica Mmarekani Claude Hope akatumia miaka mingi kuchagua na kuchanganya mpaka akapata aina fupi, zenye matawi mengi na maua tele. Pakiti ya mbegu inayouzwa dukani kwa bei ya kuumiza imebeba wajukuu wa mmea uliotoka kwetu.

Tofauti ipo, lakini. Ile ya msituni hurefuka hadi nusu mita na kupita, na maua yake hutawanyika. Ile ya pakiti hubaki sentimita 20 hadi 30 na hutanda vizuri zaidi. Kwa kazi ya kufunika ardhi mimi nachagua ile fupi bila kuona haya. Ila ujue kwamba mbegu zake zikidondoka na kuota zenyewe, watoto hawafanani na mama: wengine warefu, rangi mchanganyiko. Asiyependa mchanganyiko huo azalishe kwa vipandikizi.

“Ni ya msimu mmoja, kila mwaka unanunua upya.”

Pakiti ndivyo inavyosema, na inasema kweli kwa bustani ya Ulaya au Marekani ambako jalidi huiua. Kwetu hakuna jalidi, isipokuwa nyanda za juu sana. Hapa inaishi miaka. Kinachotokea ni kwamba shina hurefuka, majani ya chini hudondoka, na bustani huonekana imechoka. Mvua zinapoanza, ikate yote ibaki kama sentimita 10 juu ya ardhi, kisha iache. Itachipua upya kuanzia kwenye vifundo vya shina.

Usitupe ulivyokata. Chukua ncha zenye urefu wa kidole, ondoa majani ya chini, zitie kwenye glasi ya maji pasipo jua kali. Ndani ya wiki moja au mbili utaona nyuzi nyeupe zikitoka kwenye vifundo. Hiyo ni miche ya bure.

Mbegu nazo zina vituko vyake. Tafuta tunda la kijani lililonenepa katikati, uliminye kidogo kwa vidole: linapasuka papo hapo, maganda yanajikunja kama springi ya saa na mbegu zinarukia mbali. Kwa njia hiyo mmea hujisambaza wenyewe, na watoto wakishagundua mchezo huo huwatoi bustanini.

“Inapenda kivuli, basi iweke popote pasipo na jua.”

Sakafu ya msitu haina giza totoro. Jua hupenya kati ya matawi, vipande vya mwanga vinahamahama mchana kutwa. Impatiensi inataka hivyo, au jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nne au saa tano. Ukiiweka nyuma ya ukuta mrefu au chini ya mwembe uliofunga kabisa, itarefuka ikitafuta mwanga na haitatoa maua. Kabla ya kuilaumu, punguza matawi mawili matatu ya chini.

Msituni tena kuna majani yanayooza. Tandaza mboji sentimita chache na majani makavu juu yake. Usirundike udongo mwingi kwenye mizizi ya mti wenyewe, maana unaweza kuudhuru. Na mbolea ya chumvichumvi iwe kidogo sana. Ukizidisha urea utavuna majani.

“Imelala, imwagilie.”

Hapa ndipo wengi huiua kwa upendo. Saa nane mchana, hasa pwani wakati wa kaskazi, majani hulegea hata kama udongo umelowa, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoyaleta. Ikifika jioni yanasimama yenyewe. Chomeka kidole ardhini kwanza: kama kuna unyevu, achana nayo. Udongo ukilowana muda wote, shina huoza kuanzia chini, likawa jeusi na laini, na hapo hakuna dawa. Mwagilia asubuhi, kwenye udongo, si juu ya majani.

Kuwa ya asili pia haina maana itastahimili kila kona ya nchi. Dodoma bila maji ya uhakika ni kuitesa.

“Majani yaliyofunga hivyo huleta nyoka na mbu.”

Hofu hii haichekeshi, ina chembe ya ukweli. Nyoka hufuata chakula: panya, vyura, mijusi. Mimea mifupi haiwaiti, lakini inaweza kumficha aliyekwisha kuja. Kwa hiyo acha nafasi wazi mbele ya mlango na kando ya njia, na ondoa marundo ya mbao na mawe yanayofuga panya. Mbu nao hutaga majini, hawatagi kwenye majani, ingawa mchana hupumzika mahali penye kivuli na unyevu. Kagua visahani chini ya vyungu na makopo yaliyotupwa kabla ya kung’oa maua.

“Ya asili haiugui wala haidhuru.”

Inaugua. Ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu wa majani, uliziangamiza bustani Uingereza kuanzia mwaka 2003, na Marekani mwaka 2011 na 2012. Majani hupauka, upande wa chini hufunikwa na unga mweupe, kisha yote hudondoka na kubaki vijiti. Ukiona dalili hizo ng’oa, funga kwenye mfuko, na usipande impatiensi hapo tena karibuni, kwani vimelea hubaki udongoni. Na huko ilikopelekwa, kama Australia na Hawaii, imetoroka bustanini na kuvamia misitu ya wenyewe. Uasili una mipaka yake. Hata hivyo, kwa bustani ya hapa naiona bora mara mia kuliko lile ua la njano la kutambaa kutoka Amerika ya kitropiki, wedelia, linalopandwa sana pwani na ambalo likishika mahali halikubali kuondoka.

“Kama ni ya msituni, nenda ukang’oe.”

Hapana. Msitu wa Amani, huko Usambara, ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kung’oa mimea huko ni kosa. Zaidi ya hapo, milima ya Tao la Mashariki, ikiwamo Usambara, ina jamaa wengine wa impatiensi, baadhi yao wasiopatikana popote pengine duniani, na mche usio na ua hutautofautisha. Omba ncha ya shina kwa jirani. Itashika haraka kuliko mche wa msituni, ambao kwa shina lile la maji mara nyingi hufika nyumbani umeshalala.