VirtualBox ikigoma biti 64, usikimbilie kununua kompyuta mpya

Wengi wakifungua VirtualBox (programu ya kuendesha mfumo mwingine ndani ya kompyuta yako, yaani mashine pepe) na kukuta orodha ina mifumo ya biti 32 tu, au mashine pepe ikigoma kuwaka na ujumbe unaotaja VT-x (uwezo wa prosesa za Intel wa kuendesha mashine pepe), huamua kwamba prosesa yao ni ya zamani. Mara nyingi sivyo. Uwezo upo, ila umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka.

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda "Performance", kisha "CPU". Ukiona "Virtualization: Disabled", washa upya kompyuta ukibonyeza F2, F10 au Del kulingana na mtengenezaji. Tafuta "Intel Virtualization Technology", au "SVM Mode" kwa AMD. Iwashe, hifadhi, kisha uzime kompyuta kabisa kabla ya kuiwasha tena.

Imeshawashwa na bado mashine pepe inajikokota? Tazama chini kulia ya dirisha lake: kobe wa kijani maana yake Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, imeushika uwezo huo kwanza. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri) kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, washa upya. Fahamu tu kwamba WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows) itaacha kufanya kazi. Kuirudisha, andika `auto` badala ya `off`. Kobe aking'ang'ania, zima "Memory integrity" kwenye Windows Security, lakini hiyo ni kinga halisi, kwa hiyo irudishe ukimaliza.

Kwenye Linux, kuona kama prosesa ina uwezo huo, tafuta `vmx` (Intel) au `svm` (AMD) ndani ya /proc/cpuinfo. Mac za M1 na kuendelea ni habari nyingine: zinahitaji ISO (faili la kusakinisha mfumo) iliyotengenezwa kwa ARM, aina ya prosesa zake.