Dini Isiyotajwa Katika Riwaya za Fantasia

Wazazi wengi hupima dini ya riwaya ya fantasia kwa kuhesabu wachawi na mazimwi waliomo. Kipimo hicho hupitwa na mengi.

Mwaka 1953 mwandishi J.R.R. Tolkien, Mkatoliki wa dhati, alimwandikia rafiki yake, mtawa wa shirika la Kikatoliki la Wajesuiti, kwamba riwaya yake The Lord of the Rings ni kazi ya kidini tangu msingi wake, na kwamba ndiyo sababu aliondoa karibu kila kitu kinachofanana na ibada. Dini aliiyeyusha ndani ya hadithi yenyewe.

Tazama kilele chake. Shujaa Frodo ameibeba pete ya uovu hadi ukingoni mwa shimo la moto, hoi, nguvu zimemwisha. Kilichobaki ni kuitupa tu humo iangamie. Hawezi. Anaivaa, anasema ni yake. Hapo anatokea Gollum, kiumbe duni ambaye Frodo alimhurumia akamwacha hai. Anamrukia, anaking'ata kidole chenye pete mpaka kinakatika, anarukaruka kwa furaha, anapitiliza ukingo na kutumbukia nayo motoni. Shujaa ameshindwa kabisa, na huruma aliyoitoa bila kutarajia malipo ndiyo iliyomwokoa yeye na dunia nzima. Aliyelelewa na neno neema ataitambua hapo bila kuambiwa. Siku yenyewe ni 25 Machi, sherehe ya Kupashwa Habari Bikira Maria kwamba atamzaa Yesu. Siamini kwamba tarehe hiyo ilijiangukia tu.

Ursula K. Le Guin alichota kisima kingine. Katika A Wizard of Earthsea (1968), kijana Ged, kwa majivuno, anaachilia kivuli kinachomwinda huku na huko. Mwishowe anakigeukia na kukiita kwa jina, na jina hilo ni lake mwenyewe. Nyuma ya hadithi hiyo imo falsafa ya Kichina ya Dao, inayoona nuru na giza kuwa pande mbili za kitu kimoja, ambayo Le Guin aliipenda hadi akatoa tafsiri yake ya kitabu chake kikuu, Dao De Jing, mwaka 1997.

Hata Philip Pullman, anayelishambulia waziwazi kanisa la mabavu katika trilojia yake His Dark Materials, iliyoanza 1995, amempa kila mtu wa ulimwengu wa shujaa wake roho yenye umbo la mnyama anayetembea naye. Kitendo cha kutisha kuliko vyote katika kitabu cha kwanza ni watoto kukatwa na kutenganishwa na roho hizo. Huo si uandishi wa mtu anayeidharau roho.

Kwa hiyo mtoto akimaliza riwaya ya namna hii, kaa naye. Muulize nani alihurumiwa asiyestahili, na msaada ulitoka wapi nguvu zilipokwisha.